Kupanga Tovuti ya Mradi wa Programu Huria: Maoni ya Mwanaisimu



Mada niliyopewa nafasi ya kuizungumzia inaweza kuonekana kuwa ni ya mafundi wa kompyuta kuliko ya watu wa isimu. Tovuti ya mradi wa programu huria, yaani mradi unaoendeshwa na watu wa kujitolea waliotawanyika katika miji na nchi mbalimbali, kwa kawaida huanza kupangwa kwa maswali ya mashine: seva iwe wapi, kurasa zitengenezwe kwa zana gani, rangi ziwe zipi. Maswali hayo yana umuhimu wake, lakini siyo ya kwanza. La kwanza ni la lugha: tovuti hii itasema na nani, na itatumia maneno ya nani? Mradi unaolikwepa swali hilo mwanzoni hulijibu baadaye bila kujua, na aghalabu jibu lenyewe huwa ni Kiingereza.

Nitatoa mifano mingi kutoka kata ya Levolosi, hapa Arusha. Nimeichagua kwa sababu ni mahali pa kawaida. Karibu na kituo cha afya, kama ilivyo katika kata nyingi za mji, utakuta vibanda vya steshenari ambamo watu huandikiwa barua za maombi ya kazi, hutolewa kopi za vyeti na huprintiwa fomu. Wanaofanya kazi humo hutumia kompyuta kutwa nzima. Wengi wao wanajua kazi ya kila kitufe kwa mahali kilipo, siyo kwa maana ya neno lililoandikwa juu yake. Ukiwabadilishia toleo la programu na kitufe kikahama, kazi husimama. Hao ndio wasomaji ninaotaka tuwafikirie.

Huria, huru na bure

Tuanze na jina. Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, neno la Kiingereza alilolichagua lilikuwa na maana mbili zilizogongana: kitu kisicholipiwa na kitu kisichofungwa. Wafuasi wake walitumia miaka mingi kueleza kwamba walikusudia maana ya pili. Mwaka 1998 wengine wakachoka na maelezo hayo, wakabuni jina jingine lenye kusisitiza kwamba msimbo chanzo uko wazi kwa kila mtu kuusoma. Tangu hapo pamekuwa na kambi mbili, kila moja ikilitetea jina lake.

Kiswahili hakikuhitaji kuingia katika ugomvi huo. Tunalo *bure* kwa kisicholipiwa, tunalo *huru* kwa asiyetawaliwa, na tunalo *huria*, ambalo limejijengea historia yake lenyewe. Katika *soko huria*, msemo uliotawala mijadala ya uchumi wetu miaka ya 1980 na 1990, huria ni kuondolewa kwa vizuizi. Katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, huria ni kufunguliwa kwa mlango. *Programu huria*, basi, hubeba maana za kambi zote mbili kwa neno moja. Sijui lugha nyingi zilizopata bahati hiyo.

Hata hivyo, waandishi wengi wa tovuti huitupa bahati hiyo kwa kuweka neno *bure* katika mstari wa kwanza. Kwa Kiswahili *bure* lina upande wake wa giza: kuna kazi bure, kuna mtu bure, kuna kuhangaika bure. Mfanyabiashara anayesoma kwamba programu ni ya bure kabisa huuliza moyoni kuna hila gani. Ni afadhali ukurasa wa mbele ueleze haki anazopewa: kuitumia kwa kazi yoyote, kuichunguza na kuibadili, kugawa nakala zake, na kugawa hata nakala alizozibadili. Sentensi moja kama “Unaruhusiwa kunakili programu hii na kumpa jirani yako” inafanya kazi kubwa kuliko fasili yoyote. Katika vibanda nilivyovitaja programu husafiri kwa fleshi kutoka mkono hadi mkono, na wengi wanaozipokea hawana habari kama wanavunja sheria au la. Kumwambia mtu kwamba hapa kunakili si wizi ni kumpa habari mpya.

Neno la pili linalohitaji kuchunguzwa ni *kujitolea*. Kwa watu wa kizazi changu neno hili hukumbusha kuchimba msingi wa shule na kutengeneza barabara ya kijiji. Ndugu zetu wa Upare wana *msaragambo*, Wakenya wana *harambee*. Kwa kijana aliyemaliza chuo miaka ya karibuni, kujitolea ni kitu kingine: ni kufanya kazi katika ofisi bila mshahara, pengine kwa posho ya nauli tu, akitumaini kwamba nafasi ya ajira ikipatikana atafikiriwa. Akikuta kitufe kilichoandikwa “Jitolee”, ana haki ya kudhani kwamba mbele yake kuna ajira. Mradi hauna ajira ya kumpa, na si haki kumwacha aamini hivyo.

Wengine hulikimbia neno hilo wakaandika “Changia”. Hapo wamejiingiza katika matatizo mengine, kwani mchango kwa Mtanzania wa leo ni fedha, na hasa fedha ya harusi. Mimi napendelea “Shiriki katika kazi”, kisha chini yake maelezo yasiyo na mapambo: hakuna malipo, jina lako litaandikwa katika orodha ya wafasiri, kazi ndogo kuliko zote ni kusahihisha sentensi 10, na inaweza kumalizwa kwa jioni moja. Mtu akijua ukubwa wa mzigo ndipo anapoweza kuamua kama ataubeba.

Mfano wa Jambo OpenOffice

Hatuzungumzi juu ya jambo la kubuni. Mwaka 2000 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliuweka wazi msimbo chanzo wa programu yake ya kazi za ofisi, na ndipo ulipozaliwa mradi wa OpenOffice. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilianza kuisanifu programu hiyo kwa Kiswahili katika mradi uliojulikana kama Kilinux, na Desemba mwaka huohuo likatoka toleo lililoitwa Jambo OpenOffice. Ulikuwa mwaka wa shughuli nyingi: Microsoft nao walitangaza mpango wao wa kuweka Kiswahili katika programu zao, na TUKI, ambayo tangu 2009 ni TATAKI, ilitoa toleo la pili la *Kamusi ya Kiswahili Sanifu*.

Jina lile la Jambo liliwakera baadhi yetu. Mswahili hasemi “jambo” kwa maana ya salamu. Husema “hujambo”, akajibiwa “sijambo”. Aliyezoea kusema “jambo” peke yake ni mtalii, na hapa Arusha tunamsikia kila siku. Lakini jina lilikumbukika, na katika mambo ya majina kukumbukika ni nusu ya kazi, kwa hiyo sitaling’ang’ania suala hili.

La kujifunza zaidi ni namna programu ilivyoweza kumfikia mtu. Chukua faili la megabaiti 70. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, iliyokuwa ikitumika sana wakati huo, kulipakua kungechukua karibu saa 3, iwapo laini haikukatika hata mara moja. Kwa hiyo diski ndiyo iliyokuwa njia ya kweli, na tovuti ilikuwa tangazo la diski. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na hali imebadilika sana, lakini tatizo halikuondoka. Limehamia mahali pengine. Leo msomaji wa Levolosi huifungua tovuti kwa simu yake, kwa kifurushi alichokilipia mwenyewe, ilhali kompyuta itakayowekewa programu ni ya kibanda na haina intaneti siku zote. Tovuti iliyopangwa vizuri humwambia ukubwa wa faili kabla hajabonyeza, humwezesha kujitumia anwani ya faili kwa ujumbe ili akalipakue mahali penye mtandao wa nafuu, na humweleza jinsi ya kuihamisha programu kwa fleshi. Picha kubwa za watu wanaotabasamu katika ukurasa wa mbele humla msomaji fedha zake bila kumwambia lolote.

Sentensi yenye tundu

Nafika sasa penye kiini cha maoni yangu, ambapo mwanaisimu ana la kumwambia mtengenezaji wa programu na asipomwambia hakuna mwingine atakayemwambia.

Programu nyingi, na tovuti zake, huandikiwa kwanza sentensi zenye tundu. Mtengenezaji huandika ujumbe wa kuarifu kwamba kitu fulani kimefutwa, lakini mahali pa jina la kitu huacha nafasi, ili mashine ijaze yenyewe: ukurasa, picha, kiungo, jina. Kwa Kiingereza tundu hilo halina madhara, kwa kuwa kitenzi hakibadiliki kufuatana na ngeli. Kwa Kiswahili tunasema: ukurasa *um*efutwa, kiungo *kim*efutwa, jina *lim*efutwa, picha *im*efutwa. Tundu ni moja, viambishi ni vinne, na mfasiri ameletewa sentensi ikiwa na kitenzi kimoja tu. Afanye nini?

Wengi huweka “imefutwa” kwa kila kitu, na matokeo yake mashine husema “ukurasa imefutwa” na “jina imefutwa”. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi angelitia hilo wino mwekundu. Yako mawazo kwamba hili ni dogo, kwamba mradi ujumbe umeeleweka, yatosha. Sikubaliani nayo. Kompyuta inayokosea upatanisho wa kisarufi husikika kama mgeni aliyejifunza lugha wiki iliyopita, na mtumiaji akishacheka hurudi kwenye Kiingereza asichokielewa, maana Kiingereza hicho angalau kinaonekana kujiamini. Hivyo ndivyo tafsiri iliyofanywa kwa jasho la miezi huzimwa kwa kubonyeza mara mbili.

Zana za kutafsiria zimeshughulikia wingi. Katika gettext, kwa mfano, kila lugha hutangaza ina maumbo mangapi ya umoja na wingi, na Kiswahili kimetangaziwa mawili: moja kwa idadi ya 1, jingine kwa idadi nyinginezo. Kwa hiyo “Faili 1 limefutwa” na “Mafaili 5 yamefutwa” hupatikana bila shida. Idadi imefikiriwa kwa sababu hata lugha za Ulaya zinayo. Ngeli kama zetu haikufikiriwa.

Tiba zipo. Ya kwanza ni kuwaomba watengenezaji waandike sentensi nzima kwa kila kitu badala ya sentensi moja yenye tundu. Inaongeza kazi, ila ndiyo salama. Ya pili ni ya ndani ya lugha yetu yenyewe, na naipenda zaidi: tumia kitenzi-jina kiwe kiima. “Kufuta kumekamilika: ukurasa wa 3.” “Kufuta kumekamilika: picha.” Upatanisho hapo unatawaliwa na *kufuta*, siyo na kilichofutwa, na tundu limehamia mwisho ambako haliumizi. Mahali pengine lugha yetu hutupa nafuu ambayo wenzetu hawana: “amejiunga” ni ya mwanamke na mwanamume sawasawa, wakati mfasiri wa Kifaransa au Kiarabu anahangaika na jinsi.

Kwa hiyo tovuti ya mradi inahitaji ukurasa mmoja kwa ajili ya watengenezaji, unaoeleza ngeli kwa mifano kama hiyo, kwa Kiingereza ikibidi, kwa kuwa wengi wao hawajui Kiswahili. Ni ukurasa ambao sijauona katika miradi mingi, nao ungeokoa kazi nyingi kuliko mikutano.

Yapo pia masuala ya adabu. Vitufe huandikwa kwa hali ya amri: Hifadhi, Tafuta, Ingia. Amri hizo mtumiaji huipa mashine, na hakuna anayeudhika. Ila “Toka”, inayowekwa ili mtu afunge kazi yake, humgeukia mtumiaji. Hivyo ndivyo tunavyomwambia mbwa aliyeingia jikoni. Mimi ningeandika “Maliza”.

Maneno ya kamusi na maneno ya kibandani

Kompyuta yenyewe ina majina mengi. Shule za Kenya hufundisha *tarakilishi*, lililoundwa kwa kuunganisha tarakimu na akili; Tanzania tumebaki na *kompyuta*; na *ngamizi* lina watetezi wake. Neno la kuingilia ni *nywila* kwa wengine, *nenosiri* kwa wengine. Mradi unaotaka kuwafikia watu wa Arusha, Mombasa na Bukavu hauwezi kujifanya kwamba tofauti hizi hazipo, hasa katika mji huu ambamo Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini mwaka 1999, ukikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kuendelezwa kama lugha ya mawasiliano mapana.

Kuna na maneno yasiyopita kwenye kamati yoyote. Katika vibanda vya Levolosi watu hu*sevu*, hu*printi*, hu*skani* na hu*danilodi*. BAKITA, ambalo tangu mwaka 1967 limekabidhiwa kusimamia usanifu wa lugha, lina sababu njema za kupendekeza *hifadhi* na *pakua*. Nami naliunga mkono, kwa kuwa *pakua* ni neno zuri mno: kila mtu amewahi kupakua wali chunguni, na kila kuli amewahi kupakua shehena. Lakini kusanifu siyo kujifanya husikii. Faharasa ya tovuti iweke neno sanifu mbele, na nyuma yake iorodheshe yale yanayosikika, ili anayetafuta “danilodi” aletwe kwenye “pakua” bila kukaripiwa. Kwa maneno ya mkopo mradi uamue ngeli mapema na kuiandika: ama “faili limefunguka” ama “faili imefunguka”, lakini siyo yote mawili katika ukurasa mmoja.

Yafuatayo ni madogo, nayo husahauliwa. Alama ya ritifaa katika *ng’ombe* na *ng’oa* huandikwa kwa herufi mbili tofauti za kompyuta, iliyonyooka na iliyopinda, na sehemu ya kutafutia isipozichukulia kuwa moja, nusu ya maneno hayo hayataonekana. Ukurasa wa Kiswahili unapaswa kujitangaza kwa mashine kuwa ni wa “sw”. Ukiachwa na “en” iliyokuja na kiolezo, programu inayomsomea asiyeona itayatamka maneno yetu kwa sauti za Kiingereza. Na saa! Tangazo la mkutano wa wafasiri lisemalo “saa 3” litamfanya wa Arusha aje asubuhi na wa Ulaya aje alasiri. Iandikwe “saa 3 asubuhi (09:00) kwa saa za Afrika Mashariki, 06:00 UTC”, hata kama inachosha.

Nani ana ufunguo?

Jina la tovuti hulipiwa kila mwaka. Majina yaishiayo na .tz yaliwahi kusimamiwa na tzNIC, iliyoanzishwa mwaka 2006, na mradi wa kujitolea unaweza kujisajili chini ya or.tz. Gharama yake siyo kubwa. Kinachoua tovuti za namna hii siyo gharama, bali ni kwamba ufadhili ulikuwa wa miaka miwili, nywila ilikuwa kwa mtu mmoja, na mtu huyo amekwenda masomoni ng’ambo. Jina likiisha muda, kurasa hutoweka, na pamoja nazo hutoweka istilahi mamia zilizojadiliwa moja moja na watu waliojua kazi yao. Kizazi kinachofuata huanza upya kubuni neno la kitu kilichokwisha kupewa neno. Kwa taaluma yetu huo ni upotevu wa kumbukumbu, sawa na kuungua kwa kabati la kadi za kamusi.

Kwa hiyo mpango wa tovuti useme tangu siku ya kwanza ni watu gani watatu wenye ufunguo, na leseni ya faharasa ni ipi. Leseni siyo urembo wa kisheria. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010 na wengi wa wajitoleaji wa OpenOffice wakaondoka kuanzisha LibreOffice mwezi Septemba, waliondoka na msimbo na tafsiri kwa haki kamili, kwa sababu leseni iliwaruhusu. Faharasa iliyowekwa katika tovuti bila tamko lolote la leseni haina ruhusa hiyo. Mwingine akitaka kuichukua hana hakika kama anaweza. Iwekwe leseni huria, nakala yake ihifadhiwe katika seva nyingine isiyo ya mradi, na kila toleo jipya la faharasa lichapishwe kwa karatasi, nakala mbili zipelekwe TATAKI na BAKITA, na moja ibaki katika maktaba ya chuo kilicho karibu na wafasiri.